Mishale ya Saa

Mama Aneth alisugua maandishi kwa raba mpaka gazeti likatoboka.

"Kajaza tena! Stanley, nani kashika hili gazeti kabla yangu?"

Stanley, mwenye duka, alicheka. "Mama Aneth, hapa Itigi gazeti langu ni moja, wasomaji mtaa mzima. Ungewahi."

Angewahije? Asubuhi yote anauza uji stesheni. Akimaliza kuosha vikombe ni saa saba, na fumbo la Panga Herufi limeshajazwa kwa penseli. Zamani alikuwa anapanga na marehemu mume wake, wanabishana mpaka chai inapoa. Sasa hata hicho kidogo kuna mtu anamnyang'anya.

Leo waliuliza: Saa ya ukutani ilikamatwa na polisi kwa kosa gani? Kubeba HLMASEI.

Jibu lilishaandikwa: MISHALE. Pembeni kuna maneno, g ina mkia mrefu kama wa ngedere: "Pole mama. Ungewahi ungepata."

Kona ya gazeti ilikuwa inanata. Stanley na soda zake.

Akaandika chini yake, kwa hasira: "Mwizi wa raha za watu! Jitokeze nikuone."

Kesho yake alikuta jibu: "Siwezi kusimama mbele yako. Siogopi, ni heshima."

"Heshima gani ya kuniibia!" alifoka, penseli ikakatika ncha.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Aneth, binti yake, alikuwa anapepeta mtama bila kumwangalia.

"Mama, barua ya posa inakuja Jumamosi."

"Ya yule mrina asali? Nilishasema hapana."

"Kakukosea nini?"

"Mtu anashinda vichakani na nyuki, jioni mtaongea nini? Mimi na baba yako tulikuwa tunaongea! Yule hata kalamu hajui inashikwaje."

"Hujawahi kumsikia akiongea."

"Na sitamsikia."

Aneth aliweka ungo chini. "Basi mama, ukimkataa huyo, usinitafutie mwingine."

Usiku ule walikula kila mtu kivyake.

Jumamosi akaja mshenga, Mzee Chediel, kavaa koti kwenye jua lote lile. Mama Aneth alimwamkia, akamkaribisha kigoda. Aneth alikuwa nyuma ya pazia, miguu inaonekana.

"Kijana tulimwambia barua ikachapwe mjini," mzee alisema. "Kakataa. Kaandika mwenyewe."

Mama Aneth aliipokea, "hapana" iko tayari mdomoni. Akafungua.

Mstari wa kwanza tu, akaisogeza barua karibu na macho. Akapitisha kidole taratibu kwenye mkia wa g. Kikanata.

"Sasa mama," Mzee Chediel alikohoa, "tukamwambie nini?"

"Mwambieni nimekubali. Mahari tutaongea." Akakunja barua, akaiweka kifuani. "Ila kuanzia Jumatatu, gazeti lianzie kwangu."