Nani Huyu Fundi Nyabuto?

Jua lilikuwa linachoma, na Mokua alikuwa amefunga vioo vyote vya gari. Nyanchera, sufuria mkononi, alimtazama mume wake kutoka mlango wa jiko. Amekaa peke yake garini, anacheka hadi mabega yanatikisika.

Gari lile kuukuu halikuja na mambo ya kisasa, kwa hivyo Mokua alikuwa amebandika tableti juu ya redio. Simu ikilia mfukoni, tableti ndiyo inayoongea, naye mikono yake inabaki kwenye usukani. Haya, barabarani sawa. Lakini hapa gari limesimama uani kwao, Sironga, kuku wanalizunguka. Usukani wa kushikwa ni upi?

"Ulikuwa unaongea na nani, Baba Ian?" akamuuliza aliposhuka.

"Fundi Nyabuto."

"Na vioo je?"

"Kuku wana kelele."

Kuku! Nyanchera akarudi jikoni na sufuria yake. Fundi gani huyo wa kupiga simu kila siku, na gari halijalala gereji hata mara moja? Kwenye simu mtu anaweza kumwandika yeyote kwa jina lolote. Hilo Nyanchera hakuhitaji kufundishwa.

Simu yake mwenyewe ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Jina kwenye kioo: Maureen wa Kikundi. Akatoka nayo hadi migombani, ambako mtandao hushika vizuri, akaongea kidogo, akarudi kuonja mchuzi. Mchuzi haukuwa na chumvi.

Ijumaa, Mokua akiwa shambani akichuma chai, Nyanchera aliibandua tableti, akaifunga ndani ya leso, akaenda nayo hadi Masimba, ambako hakuna anayemjua. Kijana wa duka la simu akaigeuza huku na huku.

"Nataka ijipokelee yenyewe," Nyanchera akamwambia. "Simu ikiingia tu, sauti itoke, kila aliye garini asikie."

"Hiyo ni rahisi, mathe. Leta simu yako nijaribu nayo."

Akampa. Kijana akaziunganisha, akaipigia kwa simu yake mwenyewe. Tableti ikalia, ikajipokelea, na "Haloo, mathe!" ikajaa duka zima. Wakacheka wote wawili. Nyanchera hakuwa amecheka hivyo kwa siku nyingi. Kabla ya jioni tableti ilikuwa imesharudi juu ya redio.

Kila Sabato, baada ya kanisa, Mokua humpeleka mama yake, Bathsheba, kumwona dada yake aliye mgonjwa huko Ogembo, na Nyanchera hubaki nyumbani. Sabato hii alisema naye anakwenda. Alitaka hasa mama mkwe awemo. Kwa Wagusii mambo ya mapenzi ya mtoto hayafiki masikioni mwa mzazi. Yakifika, mtu hana tena pa kuuweka uso wake. Basi yafike. Huyo Fundi Nyabuto amwite Mokua mpenzi mara moja tu, mama mtu asikie mwenyewe, na leo hii itajulikana nani hafai kukaa katika boma lile.

Bathsheba alikaa mbele, Nyanchera nyuma.

"Kitendawili," Bathsheba akasema.

"Tega," Mokua akajibu.

"Mgeni wangu hali wala hanywi, na siri zote za nyumba anazo."

"Tableti!"

"Ei! Umejuaje?"

"Mama, tangu tutoke nyumbani hujaiondolea macho."

Wakacheka. Nyanchera alitazama nje.

Walipoupita mji wa Kisii, tableti ikalia. Fundi Nyabuto. Kabla Mokua hajainua kidole, ikajipokelea. Nyanchera akakishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mzee Mokua!" Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu, yenye kikohozi. "Ile mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe iko tayari. Sasa mikono ya Mama Ian itapumzika. Usimwambie bado, tulikubaliana!"

"Nyabuto, wewe ni mtu gani?" Mokua alicheka hadi gari likayumba. "Mwenyewe yuko hapa nyuma! Na leo ni Sabato, mtu wa Jumapili wewe!"

"Uuui! Mama Ian, mimi sijasema kitu!"

Bathsheba akapiga makofi. Nyanchera aliitazama mikono yake, iliyoota sugu kwa panga la kukatia nyasi. Mashine! Kumbe ndiyo iliyofungiwa vioo. Akajiambia moyoni kwamba kuna mambo atayamaliza, na atayamaliza wiki hii hii.

"Hii kitu imeanza lini kujipokelea?" Mokua akauliza, lakini hakungoja jibu. Akaegesha kando, akaizima simu yake, akampa mama yake. "Ishike. Sabato ni Sabato."

Tableti ikafifia. Punde ikawaka tena, ikaandika maneno fulani kuhusu simu nyingine, na hakuna aliyeyasoma.

Wakaendelea, chai huku, migomba kule. Bathsheba alikuwa anatafuta kitendawili kingine. Karibu na Ogembo, tableti ikalia.

"Si umezima?"

"Nimezima, Mama. Simu si unayo wewe?"

Bathsheba akainamia kioo cha tableti, akasoma polepole kama anavyosoma Biblia, kidole chini ya kila neno. "Mau-reen... wa... Ki-kundi." Akageuka nyuma, uso umejaa furaha. "Nyanchera mwanangu, wenzako wa kikundi wanakutafuta!"

Nyanchera alikuwa ameshajirusha mbele, mkono umenyooka. Tableti ikajipokelea.

"Mpenzi," ikasema sauti nzito ya mwanamume, "wameshaondoka? Nije?"