Pete ya Kaburi la Arobaini na Moja

Kidole kilikatika. Snezhina aliuma mdomo, akakiunga tena kwa ncha ya brashi, kisha akaitia pete ya shaba kwenye kidole cha pili. Marehemu hakulalamika. Alikuwa amelala humo tangu enzi za wafalme wa Bulgaria, kichwa magharibi na mikono kifuani, na hakuzikwa na chochote, si kifungo wala ushanga.

Hilo ndilo lililokuwa likimuua Snezhina. Makaburi arobaini na moja, yote ya makabwela! Bila ushahidi kwamba ngome ya Gradishte ilikaliwa na bwana mkubwa, tume ya mambo ya kale ingetoa ruhusa leo hii, mifupa ingetiwa kwenye magunia, na Jumatatu kampuni ya machimbo ya mawe ingekilipua kilima. Matundu ya baruti yalikuwa tayari yametobolewa upande wa kaskazini. Miaka yake kumi na moja ya kuchimba kwa brashi na kijiko ingegeuka kokoto.

Basi akaiba. Juzi aliingia ghala la makumbusho ya mkoa, akafungua boksi la ngome ya Vranyak, akatoka na pete ya muhuri mfukoni. Pete hiyo ilifukuliwa mwaka 1971, ikainusuru Vranyak isizamishwe na bwawa, kisha ikasahaulika. Haikuwahi kupigwa picha. Aliyeifukua, Profesa Velislav Tonchev, hakuwahi kuandika hata mstari mmoja kuihusu, na watu walisema ni uvivu tu.

"Dokta!" aliita mzee Genko, kibarua wake, kutoka ukingoni. "Tume hiyo imefika. Wako watatu. Wawili wana vitambi, wamegoma kupanda, wamekaa kwenye gari. Anayekuja ni kibabu, ukimpulizia anaanguka."

"Si Mama Kolarova, aliyepangiwa kutukagua?"

"Kolarova mgonjwa. Wamemfufua mstaafu mmoja. Tonchev."

Snezhina akanyoosha mkono aichomoe pete, lakini kivuli cha kofia kilikuwa kimeshaangukia kaburi.

"Usiguse," alisema Profesa. "Hakiguswi kitu kabla hakijapigwa picha. Au siku hizi hamfundishwi?"

Akateremka shimoni, Genko akimshika kiwiko. "Taratibu, babu. Ukifia humu utatuvurugia namba za makaburi."

Profesa hakucheka. Alipiga magoti, akaiona pete, kisha macho yake yakahamia kwenye mfupa. Hapo ndipo Snezhina alipogundua alichosahau, naye akatamani ardhi immeze. Shaba ikilalia mfupa miaka mia saba, huuachia rangi ya kijani. Kidole kile kilikuwa cheupe pe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo.

"Mfupa ni mweupe," alisema Profesa, sauti chini.

"Ndiyo, Profesa."

"Na umeipata hapa?"

"Hapa hapa."

"Na katika pete zote za dunia hii, ikawa hii."

Uso wa Profesa ulikuwa umeishiwa damu. Snezhina alijiona tayari yumo kwenye pingu, picha yake gazetini, mama yake akiulizwa na majirani dukani. Lakini alipoinua macho aliona nyaya za baruti zikining'inia upande wa kaskazini, na hofu nyingine ikaishinda ile ya kwanza.

Akainama karibu naye, Genko asisikie. "Profesa, najua umeitambua. Tunajua wewe na mimi tu, na kwangu haitatoka. Sitaki chochote kwa ajili yangu. Nataka kilima tu. Nakusihi."

Profesa alimtazama kwa namna ambayo Snezhina hakuielewa. Kisha akaomba fomu. Aliijaza juu ya goti, akikandamiza kalamu hata ikatoboa karatasi: ngome ya bwana mkubwa, ilindwe, ulipuaji usimame mara moja.

Snezhina alilia kwa sauti bila haya. Genko aliinyakua fomu, akateremka mbio kuelekea garini. "Haya, wenye vitambi!" alipiga kelele. "Kusanyeni baruti zenu mkapigie fataki harusini!"

Walibaki wawili. Profesa alikuwa bado amepiga magoti, ameshika ukingo wa kaburi kwa mikono yote miwili.

"Nimeshatia sahihi, binti," alisema, asimtazame. "Sasa niambie, wala usinifiche. Nani mwingine anajua kwamba pete hii aliifua mjomba wangu mhunzi ili niifukie Vranyak, mwaka ule ule wa sabini na moja?"