Kipimo cha Gatumba

Tangu alfajiri namba ya kina cha mto pale Gatumba ilikuwa ileile, mita moja na sentimita arobaini. Houda aliikodolea macho kwenye kompyuta huku mvua ikiyapiga mabati ya ofisi yao ya tahadhari ya mafuriko, mtaani Gihosha, kwa siku ya tatu. Mto gani haupandi hata sentimita moja kwa mvua ya namna hii?

"Mabasi manne yananingoja," alisema Zénon, mkuu wake, telefone mkononi. "Niwahamishe watu wa Gatumba, ao niwaache?"

"Nipe dakika kumi, shefu."

Houda alijua pa kutazama. Mashine zote za kupimia mto, zilizotundikwa juu ya maji zikiyatazama chini, zilituma vipimo kila sekunde. Vilifungwa mafurushi madogo madogo, kisha vikaandikwa kwenye ghala la mtandaoni. Ghala hilo hujibu polepole, na programu ya kuyatuma mafurushi haikutuma furushi la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Foleni ilikuwa imerefuka usiku kucha. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na kipimo kilichokuwa kinaingia kilitumwa saa kumi na moja alfajiri.

Walikuwa wanautazama mto uliokwisha kupita.

Aliongeza ukubwa wa furushi. Akaruhusu mafurushi matano yaende kwa mpigo. Alisoma tena kila mstari, maana akikosea hapo vipimo vya usiku mzima vingepotea. Akaiwasha programu upya.

Kwa muda hakikuingia kitu. Zénon, aliyekuwa akizunguka chumbani, alikuja kusimama nyuma yake.

Kisha foleni ikaanza kufunguka. Kipimo cha saa kumi na mbili. Cha saa mbili. Cha saa tatu na nusu. Mwishowe saa ya kipimo na saa ya ukutani zikawa moja.

Mita moja na sentimita arobaini.

Houda hakuridhika. Akampigia Shakuru, mlinzi wa mashine ya Gatumba.

"Papa Shakuru, mashine yako inaonyesha ngapi?"

"Moja na arobaini, dada." Alijibu papo hapo, na sauti yake ilisikika vizuri, kila neno.

"Haijabadilika?"

"Apana. Haitikisiki."

Houda alishusha pumzi. "Ni ya sasa hivi, shefu. Nimehakikisha. Mto umetulia."

Zénon alipiga simu moja fupi. Mabasi yakarudishwa gereji, na watu wa Gatumba wakaambiwa wabaki majumbani mwao. Alipokata simu alimgusa Houda begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Shakuru alikuwa bado hewani.

"Asante sana, papa. Pole na hiyo mvua."

"Hainifikii, dada. Mi niko kwangu, huku mjini Nyakabiga. Jana jioni maji yalitaka kuibeba mashine yenu, nikaing'oa, nikaja nayo. Musiogope, iko salama. Nimeitundika ukutani, juu ya kabati."