Kuuzunguka Mlima Nkongwa

Yahaya alikuwa akitafuta njia mbaya. Aliitaka iwe ndefu, kavu na yenye mawe ya kukata pumzi, ili ikifika alasiri watu kumi na wawili wa msako aliopewa kuwaongoza wasiwe na hamu ya kuona kitu kingine zaidi ya vitanda vyao.

"Kesho tunaanzia hapa kijijini," alisema, akichora mchangani kwa kijiti. "Tunaingia msitu wa hifadhi kwa njia ya zamani ya wapagazi, tunapanda mlima upande wa mashariki, tunavuka mgongo wake, tunateremkia relini. Tunauzunguka na kurudi kabla jua halijazama."

Bwana Mabruki, mkuu wa msako wa watu waliokataa kuhamia kijijini, alikuwa mtu wa Tabora mjini, na kilima alichokizoea ni ngazi za ofisi. Aliukodolea macho ule mduara. "Juzi si tulikubaliana tupite Kijitoni, upande wa magharibi? Kule kuna maji na kivuli."

"Ndiyo maana hutamkuta mtu, mzee. Watoro wanajua mtaanza na penye maji. Wako juu, kwenye mawe."

Bwana Mabruki akakubali. Wanamgambo wakaguna. Yahaya akaufuta mchoro kwa kisigino.

Kijitoni alikuwako mama yake.

Mwaka huo wa sabini na nne, malori yalipokuja kuwahamishia watu kwenye kijiji kipya kando ya barabara, Bi Mwanamkuu aligoma. Miguu yake ilikuwa imepooza, ila ulimi ulikuwa mzima. "Mume wangu kalala hapa, na mimi nitalala hapa." Yahaya akamficha, kisha akaenda ofisi ya kijiji kutoa taarifa kwamba mama amefariki na amezikwa. Matanga yakakaliwa siku tatu. Majirani wakalia, ubwabwa ukaliwa, naye akapokea pole za watu macho chini kwa aibu. Tangu hapo yeye na mkewe Mwamvita walipokezana kupeleka uji msituni kwa kisingizio cha kuni. Msako ukimkuta, bibi kizee atatupwa kwenye lori kama gunia, na mwanawe ataozea jela.

"Ukisikia buti, mayu, hata kukohoa usikohoe," Yahaya alimwambia mama yake kila alipomuaga.

Mabadiliko ya njia hakumwambia mkewe. Alichomwambia ni kile cha kwanza tu, jioni ya juzi aliporudi nyumbani: wanapita Kijitoni. Haya mapya aliyafunga kifuani. Nyumba za kijiji kipya zilibanana mno, jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka kitandani, na Yahaya aliamini wanawake hawana breki za mdomo. Alikuwa bado amemnunia pia. Jana Mwamvita alikuwa amerudi kutoka msituni jioni sana, kanga imechanika, mabega yamevimba, mkononi vijiti vitatu. "Siku nzima, kuni ndizo hizi?" alimkaripia. Mwamvita alivitupa vijiti mekoni, akaenda zake kulala.

Walitoka alfajiri. Njia ilikuwa mbaya kama alivyoahidi. Mbung'o waliwauma hadi kwenye kope, na maji yaliisha kabla ya adhuhuri. Mmoja alitapika. Bwana Mabruki alivua viatu, akapanda kwa soksi. Yahaya aliwaonea huruma na akafurahi, vyote kwa pamoja.

Chini ya mgongo wa mlima walikuta kibanda cha warina asali, mlango umezibwa kwa matawi ya miiba. Msimu ulikuwa bado, na warina huziba hivyo wakiondoka ili fisi wasiingie. Yahaya aliiona bahati yake. Mkuu akirudi na kitu cha kuripoti, hatatafuta kingine.

"Tukichome," alisema. "Watoro wasipate pa kulala."

Akawasha kiberiti mwenyewe. Nyasi za paa zilikuwa zimekauka, moto ukashika kwa kishindo. Wanamgambo, ambao sasa hivi tu walikuwa hawana nguvu hata ya kuuliza saa, wakaanza kupiga makofi na kuimba. Bwana Mabruki akaandika kwenye daftari lake. Hawakungoja paa lianguke.

Penye njia panda ya kwenda relini, mkuu alisimama, akatazama magharibi. "Na kule Kijitoni?"

"Makaburi tu, mzee. La baba na la mama."

Bwana Mabruki aliyaangalia malengelenge ya miguu yake. "Basi tuwaache wapumzike. Twende nyumbani."

Yahaya aliingia kwake jua likizama, nusura acheke peke yake njiani. Mwamvita alikuwa akisonga ugali. Akafunga mlango, akachutama karibu naye, akamnong'oneza: "Mama amepona."

"Najua." Mwamvita alitabasamu, mara ya kwanza wiki hiyo. "Mmefika Kijitoni, hamkukuta mtu."

"Hatukufika Kijitoni. Niliwageuza, nikawapeleka mashariki."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Mashariki wapi?"

"Juu kabisa, kwa warina asali. Tumekichoma kile kibanda chao, mkuu karidhika, basi. Hawarudi tena."

Mwamvita alikaa chini, kwenye majivu.

"Baba Abbasi," alisema, "juzi nilimbeba mama mgongoni kutoka Kijitoni. Nilimlaza humo."