Kadi ya Kituo Kidogo

Kila kituo cha mbali alichokinasa kwenye redio yake, Mzee Shekue alikiandikia, nacho kikamtumia kadi ya kuthibitisha kwamba kweli amekisikia. Kituo kimoja kidogo tu kilizidi kumkatalia, na leo uvumilivu ulimwisha, akakipigia simu.

"Mzee wangu, mtambo wetu hauvuki hata mto," alisema Kidawa, mtangazaji. "Umesikia kituo kingine."

"Mbona mnanifanya mwongo? Nilikusikia ukisoma tangazo la msiba wa mama yako. Ulikwama kwenye jina lake, ukaweka muziki."

"Nilidhani siku ile hakuna aliyenisikia," alisema Kidawa.

Kwenye simu Shekue alisikia droo ikivutwa, kadi zikipekuliwa, na Kidawa akipenga kamasi.