Kamera ya Upande wa Wanawake

Binti yangu Waride alifika harusini Mohoro na kamera mpya, nyepesi kama andazi.

"Baba, hilo jiwe la mama si tulitupe tu?"

"Jiwe hili mamba wa kivuko cha Ndundu alilimeza akalitapika, na bado linapiga picha."

Hakucheka. Nikampa alishike.

Ni kamera ya dijitali ya siku nyingi. Kazi yetu ni picha za harusi, na kwetu mwanamume hapigi picha upande wa wanawake, kwa hiyo aliyekuwa akiingia nayo ni marehemu mke wangu. Mpira wa nyuma umelika, umeacha kishimo cha kidole gumba chake. Changu hakijapata kuenea.

Cha Waride kilikaa.

Ndani vigelegele vilianza. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaniachia ile mpya mapajani, akaingia na ile ya mama yake.