Mkono Uliokuwa Ukiomba

Daktari Hafidh alimwomba Bi Raya anyooshe vidole vya mkono wa kulia. Kiwiko kilikunjuka vizuri na mfupa ulikuwa umeunga, lakini vidole vilibaki vimejikunja.

"Jaribu tena, mama."

"Ndiyo najaribu, mwanangu."

Siku ya kupasuliwa kiwiko, dawa ya usingizi ilimchukua Bi Raya akiwa katikati ya dua, mkono ukalala mezani kiganja juu. Hafidh alijua kwamba kiganja kikigeuzwa chini, mshipa wa fahamu unaofungua vidole husogea na kukipisha kisu. Aliona vibaya kuugeuza mkono unaoomba. Akapasua hivyo hivyo.

"Vitafunguka lini? Nina mkeka wa bibi harusi, nimeuacha nusu."

"Mshipa umekatika, mama," alisema Hafidh. Nani aliyeukata, hakusema.

Bi Raya aliinua mikono yote miwili. Wa kushoto ulifunguka. Wa kulia ulikuwa kama umeficha kitu.

"Mungu akuhifadhie mikono yako, daktari," akasema, na akangoja aitikie amina.